Ikhtilafu za Wasomaji juu ya Kitabu cha Nne cha Earthsea

Ursula K. Le Guin alipotoa kitabu chake kiitwacho Tehanu mwaka 1990, wasomaji waliokuwa wamekaa na vitabu vitatu vya kwanza vya Earthsea kwa muda wa miaka 18, wakiamini kwamba kisa kimekwisha na kalamu imewekwa chini, walikipokea kitabu hicho cha nne kwa nyoyo zisizopatana, na ikhtilafu iliyozuka baina yao haikutulia hata baada ya mwandishi mwenyewe kufariki dunia huko Portland, Oregon, Januari 2018. Baadhi yao hukitaja kuwa bora kuliko vyote sita vya mfululizo ule. Baadhi hukitaja kuwa hiana iliyotendwa na mwandishi juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Na baadhi, ambao pengine ndio wenye hoja nzito kuliko makundi mawili hayo ingawa sauti yao haivumi sana, hukisifu kwa kurasa zake nyingi na kukilaumu kwa kurasa zake za mwisho. Muradi wangu ni kuzipima hoja hizo, kwa kuwa nadhani sehemu kubwa ya ugomvi huu haitokani na yaliyomo ndani ya Tehanu, bali yatokana na mahali alipokuwa amesimama msomaji alipokuwa akivisoma vile vitatu vya kwanza.

Yafaa basi kuvikumbuka. A Wizard of Earthsea, kilichotoka mwaka 1968 baada ya mchapishaji mmoja wa mjini Berkeley kumwomba mwandishi amtungie kitabu cha vijana, ni kisa cha Ged, mwana wa mhunzi na mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, ambaye kwa kiburi cha ujana alisoma sihiri isiyomfaa, akakiachilia duniani kivuli kilichomwandama bahari hata bahari, mpaka alipogeuka akakikabili na kukiita kwa jina lake mwenyewe. The Tombs of Atuan, cha mwaka 1971, kinamhusu Tenar, binti aliyetwaliwa kwa wazazi wake akiwa na umri wa miaka mitano, akanyang'anywa jina na kufanywa kuhani wa nguvu za giza zilizo chini ya ardhi, hata Ged alipofika kutafuta nusu iliyopotea ya pete ya Erreth-Akbe, na wote wawili wakatoka gizani pamoja. The Farthest Shore, cha mwaka 1972, ambacho mwaka uliofuata kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani katika fungu la vitabu vya watoto, kinamwonyesha Ged mtu mzima, mkuu wa wajuzi wote wa sihiri walioko Roke, akisafiri na kijana wa kifalme aitwaye Arren mpaka nchi ya wafu, ambako aliuziba kwa nguvu zake zote ufa uliokuwa ukiifyonza dunia uhai wake, na aliporejea kwenye jua hakuwa na sihiri tena hata chembe. Joka kuu Kalessin likamchukua mgongoni na kumpeleka kwao Gont, na kisa kikafungwa kwa taadhima ya tendi za kale: mfalme amekalia kiti, shujaa ameghibu.

Sisi tuliolelewa na hekaya za pwani tunaijua vyema tabia ya kisa kukoma pale shida inapokoma, wakaoana, wakakaa raha mustarehe, na mtoto aulizaye kesho yake walikula nini akaambiwa alale. Tehanu kinaanza na hiyo kesho. Tenar, aliyeirudisha pete na kushangiliwa na mji mzima wa Havnor, hakuwa malkia wala mjuzi. Alikaa kwa muda na Ogion, mzee aliyemfunza Ged, kisha akaiacha elimu ile akaolewa na mkulima, akazaa mtoto wa kike na wa kiume, akafiwa na mume, na sasa ni mjane wa makamo anayetunza shamba. Mikononi mwake amekuja mtoto aliyebakwa na kupigwa na kutupwa motoni na watu wake mwenyewe, upande mmoja wa uso wake umeungua, jicho moja limepofuka na mkono mmoja umekunjamana usifunguke; naye amempa jina la Therru. Ogion anafariki, na katika saa zake za mwisho anamwusia Tenar amfundishe mtoto huyo. Kisha Ged analetwa na joka akiwa hoi, na badala ya kuwa shujaa apumzikaye baada ya kazi, ni mwanamume aliyejaa haya, ajifichaye wajumbe wa mfalme na kukimbilia mlimani kuchunga mbuzi kama alivyoanza. Yaliyobaki, ukiondoa mwanzo wa joka na mwisho wa joka, ni maziwa na jibini, kitanda cha mgonjwa, uzi wa kusokota, vyombo vya kuosha, na hofu ya mwanamke asikiaye nyayo za watu usiku nje ya mlango wake.

Shutuma ya kwanza, nayo ndiyo isemwayo kwa uchungu zaidi, ni kwamba mwandishi alimdhalilisha Ged. Tulimpenda tangu utoto wake, wasema wenye shutuma hii, tukavuka naye bahari, tukashuka naye mpaka kwa wafu, na malipo yake yamekuwa kuonyeshwa akitetemeka na kujificha kama mdeni. Siudharau uchungu huo, kwani msomaji hupata haki fulani juu ya mtu wa kubuniwa aliyemkaribisha moyoni kwa miaka mingi. Lakini hoja yenyewe, ikifikishwa mbele ya kadhi, haina shahidi. Nguvu za Ged hazikuondolewa na Tehanu mwaka 1990. Ziliondolewa na The Farthest Shore mwaka 1972, kwa hiari yake mwenyewe, mbele ya macho ya wasomaji haohao, wala hakuna aliyenung'unika, kwa sababu hasara ile ilipambwa kwa joka na kwa taji la mfalme, na kisa kikafungwa kabla ya mtu kuitazama kwa karibu. Fauka ya hayo, kitabu kile cha tatu kilitoa kauli mbili juu ya mwisho wa Ged: moja, ya utenzi wa kifalme, yasema kwamba alipanda chombo chake baada ya mfalme kuvikwa taji akaenda zake asionekane tena, na ya pili, ya watu wa Gont, yasema kwamba mfalme alikwenda kumtafuta kisiwani asimkute, kwa kuwa ameingia misitu ya mlimani. Alichokifanya Le Guin ni kuishika hii ya pili, iliyo kauli ya wanyonge wa kisiwani, na kuuliza mtu ambaye tangu ujana wake hakuwa na kitu ila ujuzi, ambaye kwa ajili ya ujuzi huo hakuoa wala hakuzaa, atakuwa nani ujuzi ukimtoka. Tena wasemao kwamba amefanywa si kitu huusahau usiku ule wa majira ya baridi ambapo wahalifu walitaka kuivunja nyumba ya Tenar, na Ged, asiye na fimbo wala jina kuu, aliyeshuka tu toka machungani, akamchoma mmoja wao kwa uma wa kuinulia majani makavu. Ni pigo lisilo na utukufu wowote, na damu yake haikufutika upesi moyoni mwake wala mwa Tenar. Walakini ni ujasiri wa mtu asiye na silaha nyingine.

Kwa nini basi wengine waliuona mwendelezo na wengine wakaona hiana? Naona jibu li katika kitabu cha pili. Aliyeingia Earthsea kwa mlango wa Ged alikaa ndani ya macho yake, na kwake Tenar alikuwa binti aliyeokolewa, kipande kizuri cha safari ya mtu mwingine. Ama aliyeingia kwa mlango wa makaburi ya Atuan, akakaa na Tenar miaka yote ile gizani kabla ya Ged kutokea hata mara moja, kwake Ged ndiye aliyekuwa mgeni wa katikati ya kisa. Na huyo, alipokifungua kitabu cha tatu mwaka 1972, hakumkuta Tenar kabisa ila kutajwa kwa kupita, kana kwamba mwanamke aliyeiunga pete iliyoleta amani hakuwa na maisha yanayostahili kuulizwa. Msomaji huyo ndiye aliyengoja miaka 18 kwa haki. Anapokishika Tehanu hakioni kuwa kimeibadili njia; anaona deni lililolipwa. Hawa wawili wanaweza kubishana mpaka alfajiri wasifikie suluhu, maana hawakuwa wamesoma mfululizo mmoja.

Yuko na msomaji wa tatu, ambaye uchungu wake una sababu ya peke yake, naye ni msomaji mweusi. Le Guin alimfanya Ged mtu wa rangi ya kahawia yenye wekundu wa shaba, na rafiki yake Vetch akamfanya mweusi kabisa, na watu weupe akawaweka pembeni mwa ramani, katika nchi za Wakargi waliotajwa kwa uvamizi. Hilo alilitenda mwaka 1968, wakati mashujaa wa riwaya za aina hii walikuwa weupe karibu wote, naye alilithamini kiasi kwamba mwaka 2004, televisheni ya Marekani ilipokifanya kisa hiki kuwa mchezo na kumpa mwigizaji mweupe nafasi ya Ged, aliandika hadharani kulalamika. Kwa msomaji aliyemtafuta shujaa wa rangi yake kwa miaka asimpate, kumwona akivuliwa joho, na kitabu kupewa macho ya Tenar aliye mweupe, si jambo dogo, wala halijibiwi kwa kusema kwamba utukufu ni ubatili, kwani asemaye hivyo aghalabu ni yule aliyekwisha kushiba utukufu. Jibu lililopo ni la nusu tu: kwamba katika Gont weupe ndio ugeni, na Tenar, pamoja na ndoa na watoto na miaka yake yote kisiwani, bado ni mtu aliyekuja na bahari.

Shutuma ya pili yasema kwamba kitabu hiki ni mahubiri, na kwamba mwandishi aliacha kusimulia akaanza kuteta juu ya wanaume na wanawake. Wenye kusema hivyo huhesabu watu wa kisa: Aspen, mjuzi wa sihiri katika jumba la bwana wa Re Albi, ni mwovu mwenye chuki na wanawake, Handy na wenzake ni wahalifu, Spark, mwana wa Tenar, anarudi toka baharini na kulidai shamba la marehemu baba yake wala haoni kwamba kuosha chombo alicholia ni kazi yake, na bwana mkubwa ajaye toka Roke kutafuta habari za mwanamke wa Gont, ambaye ndiye aliyeashiriwa na mmoja wa mabwana wenzake, yu mbele ya mwanamke huyo na hawezi kumsikia. Hesabu hii ni sahihi, ila imewaacha nje Ogion, na mfalme kijana, na Beech tabibu mwema, na Ged mwenyewe. Le Guin hakuificha nia yake. Mwaka 1992, katika mhadhara alioutoa Oxford, alieleza kwamba kisa cha ushujaa alikirithi kikiwa ni shughuli ya wanaume, na kwamba katika vitabu vya kwanza aliufuata urithi huo. Lakini kuwa na nia si kuhubiri. Mambo ambayo Tehanu kinayauliza yalikuwamo tangu kitabu cha kwanza, ambamo chuo cha Roke hakikubali wanawake na watu wa Gont wana msemo wa kuidharau sihiri ya wanawake, na hakuna aliyelalamika wakati ule kwamba anahubiriwa.

Tena, aliye na masikio ya kusikiliza mazungumzo ya Tenar na Moss, yule ajuza mganga wa kijiji, hatasikia hotuba ila mjadala, maana Moss husifu vina na siri na giza la nguvu za wanawake, na Tenar, ambaye alilelewa na giza lenyewe na kulitumikia, hana haraka ya kulisifu. Wasomaji wengi, wa upande wa sifa na wa upande wa lawama, humnukuu Moss kana kwamba ndiye Le Guin. Hilo ni kosa la kusoma, na limezaa nusu ya kelele.

Haya ya kufaa au kutofaa kwa watoto sitayarefusha. Vitabu vya kwanza viliwekwa katika rafu za vijana na tuzo zake zilikuwa za vijana, na mzazi aliyemnunulia mwanawe cha nne kwa mazoea alikuta humo mtoto aliyetendwa uovu usiosemeka na wazee wawili waliolala kitanda kimoja. Ni haki yake kushtuka. Lakini katika The Tombs of Atuan msichana mdogo anaamuru wafungwa wafe kwa njaa na kiu gizani, na kitabu hicho kilipata heshima ya Newbery mwaka 1972 bila ya rafu kutetemeka. Basi tofauti haiko katika ukali wa jambo, bali katika umbali wake, kwa kuwa makaburi ya Atuan hayapo popote na nyumba ya jirani ipo.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ya hizo yatoka upande usiotarajiwa, kwa wasomaji, wengi wao wanawake, wanaosema kwamba kitabu hiki hakikuthubutu vya kutosha. Tenar, wasema, alipewa mlango wa elimu na Ogion akaufunga mwenyewe ili awe mke wa mtu. Kitabu kinauliza kwa kurasa nyingi nguvu za mwanamke ni zipi na hakimwonyeshi mwanamke hata mmoja azitumiaye, ila ajuza wa dawa na mazindiko, na mtoto mmoja ambaye mwishoni yadhihirika kwamba si binadamu peke yake. Ni nini basi alichoongezewa mwanamke wa kawaida? Mtetezi wa kitabu atajibu kwamba kazi ya Tenar ya kumlea Therru, kumshonea nguo nyekundu, kumfundisha nyimbo, kumlaza na kumwamsha mpaka mtoto aliyenyamazishwa akasema, ndiyo nguvu yenyewe. Na mimi nalikubali jibu hili ninapokuwa ndani ya kitabu, kwa kuwa kurasa hizo ni miongoni mwa zilizoandikwa kwa utulivu mkubwa katika mfululizo wote. Nikikifunga, hoja yarudi. Kusifu ulezi si sawa na kuulizia kwa nini mlango wa Roke umefungwa, na Tehanu kinauliza swali hilo la pili kwa sauti ya chini mno.

Wako wasemao kwamba sifa za kitabu hiki zilitoka kwa wasomi tu na kwamba wasomaji wa kawaida walikikataa. Hilo halina ushahidi. Tehanu kilipata Nebula, ambayo hupigiwa kura na waandishi wenyewe wa fani hiyo, lakini kilipata pia tuzo ya Locus ya riwaya za njozi mwaka 1991, na hiyo hutokana na kura za wasomaji wa jarida la jina hilo. Linaloweza kusemwa kwa insafu ni kwamba hukumu ya msomaji ilitegemea sana mwaka alioishika nakala yake. Aliyesoma mwaka 1990 alisoma kitabu kilichoandikwa chini ya jina lake kwamba ndicho cha mwisho cha Earthsea, na kila swali kililoliacha wazi alilipokea kuwa limeachwa hivyo milele. Mwaka 2001 vikatoka viwili, Tales from Earthsea, ambamo tunajua kwamba chuo cha Roke kiliasisiwa na wanawake pamoja na wanaume kabla ya wanawake kuondolewa, na The Other Wind, ambamo ukuta wa nchi ya wafu unavunjwa. Na mwaka 2018 vyote vikajaladiwa pamoja na kutiwa picha na Charles Vess. Ajaye leo na jalada hilo kubwa hapati pengo la miaka 18 wala la miaka 11, anavuka toka cha tatu kwenda cha nne jioni moja, na kwake Tehanu ni bawaba ambayo mlango wote unazungukia. Sishangai kwamba vijana wa sasa hawaelewi ghadhabu ya wazee wao.

Limebaki lile la mwisho wa kitabu, na hapa naungana na walalamikaji. Aspen anawafunga Tenar na Ged kwa sihiri, anamburura Tenar kama mbwa, anawapeleka ukingoni mwa jabali. Therru, kwa jicho lake moja, anakimbilia ukingoni na kumwita Kalessin kwa lugha ya majoka, ambayo hakufundishwa na mtu. Joka linashuka, linawateketeza Aspen na watu wake, na kumtaja mtoto kwa jina lake la haki, Tehanu. Wanaotetea husema kwamba dalili ziliwekwa mapema, katika kisa cha mwanamke wa Kemay kinachosimuliwa na Tenar mwanzoni, kwamba majoka na watu walikuwa jamii moja zamani, na katika upepo wa mlimani uliozipigapiga nywele za mtoto. Dalili zipo kweli. Kasoro si kwamba joka halikutarajiwa. Kasoro ni kwamba kitabu chote kimetufundisha kuwa uovu wa kweli hukaa katika watu wa kawaida, katika baba aliyemtia mtoto wake motoni na jirani aliyegeuza uso, wala hauondoshwi kwa pigo moja. Kisha kwa kurasa chache za mwisho uovu wote unakusanywa ndani ya mtu mmoja mwenye fimbo, asiye na historia ila chuki, naye anaungua mara moja kama ilivyo desturi ya hadithi zilezile ambazo kitabu kilikuwa kikizihoji. The Other Wind kiliutengeza upande wa Tehanu, kikamfanya mwanamke mwenye uchaguzi mgumu kati ya watu wake wawili na anga, na kikampa mabawa kwa haki. Upande wa Aspen hakikuweza kuurudia, kwa sababu Aspen alikuwa majivu. Na wanaume wa aina yake, waliokuwa wameenea Gont nzima katika kurasa za kwanza, hawakuhojiwa tena na yeyote.